Gari Linakula, Dereva Anakula

Binti wa Haruna alinipigia simu kutoka Singida nikiwa Masoro, hapa Kigali, kwenye ghala ambako nasimamia magari ya kusambaza unga. Kijana mmoja alikuwa amechomeka mashine yake chini ya usukani anasoma gari lina ugonjwa gani. "Baba ametutoka jana," binti aliniambia, "na namba yako nimeikuta kwenye simu yake, ameiandika Shemeji Kigali." Nilimpa pole, nikauliza maziko ni lini, nikakata simu, nikabaki nimesimama. Haruna aliniita shemeji maisha yake yote na hakuwahi kuwa shemeji yangu. Yule kijana hakuwa na habari, akaendelea kunieleza kwamba kidude kinachopima mgandamizo wa hewa kimekufa, ndiyo maana gari linatoa moshi mweusi na linakula mafuta. Alikuwa amekishika kwa vidole viwili. Akasema tukiweka kipya, gari litajua lenyewe kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi, litajipunguzia petroli bila kuambiwa na mtu. Nikamfokea aondoke hapo. Masikini, hakuelewa kwa nini mzee anamkasirikia kwa jambo alilolieleza vizuri namna ile.

Mwaka ninaousema ni tisini na mbili. Najua, nikitaja Kigali na miaka ile, watu hukaa sawa kwenye viti wakisubiri nifike tisini na nne. Mimi sifiki huko. Yaliyokuja baadaye yalikuwa makubwa mno, hakuna aliyebaki na nafasi ya kusikiliza habari za dereva mmoja aliyeitwa mwizi wa petroli, nami sikuwa na uso wa kuzileta mbele ya watu waliozika nyumba nzima. Kwa hiyo zimenikaa kooni. Baba yangu mdogo alishakufa, Patroni, tajiri mwenye gari, alikimbilia Kongo hakurudi, na Silvani, dereva wa pili, mauaji hayakumwacha. Wa kumuuliza sina. Na wapo wanaoniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba Haruna angemshukuru Mungu, maana angebaki hapa huenda angekufa. Maneno hayo yananichoma. Mtu akikusukuma ukaanguka nje, halafu nyumba ikaungua, hajakuokoa. Amekusukuma.

Gereji ya baba mdogo Sadiki ilikuwa Nyamirambo, ndani ya ua wa nyumba yake mwenyewe. Ukivuka mlango wa bati unakuta magari, ukivuka magari unakuta veranda, na ukivuka veranda unaingia sebule yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, ambavyo sisi wenye nguo za grisi tulikatazwa kuvikalia. Nyuma ya pazia lilikuwa jiko, na huko alitawala dada yangu Mariamu. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mlezi wetu: mimi alinipa kazi, na Mariamu ni yeye angemwoza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Dar es Salaam nilikojifunza kabureta, na ilibidi nijifunze upya kuongea, maana plagi hapa waliita buji, na mlio wa injini gari likiwa limesimama waliuita ralanti, Kifaransa kilichopondwapondwa mpaka kikawa chetu. Mchana Mariamu alituletea maharage na ugali wa muhogo kwenye sinia moja, tukala wote waliokutwa uani, fundi, dereva, mteja, mikono ikigongana. Baba mdogo alikuwa na sheria kwamba mtu akikukuta unakula, unamsogezea.

Haruna alikuja uani kwa sababu ya gari akarudi kwa sababu ya dada yangu, na hakujificha. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, na alikuwa hapandi garini bila kukung'uta viatu. Aliendesha pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa sabuni na mafuta ya kupikia ambaye mji mzima, mpaka mkewe, ulimwita Patroni. Kazi ya Haruna ilikuwa kwenda Rusumo, mpakani na Tanzania, kuchukua mzigo na kuurudisha. Posa yake ilikuwa imepokelewa, harusi imepangwa baada ya Idi, na Mariamu alikuwa ameanza kushona mapazia ya chumba ambacho Haruna alikwisha kukipata Biryogo. Jioni nilikuwa nawasikia wakibishana kupitia pazia la jikoni, yeye upande huu amesimama kwa adabu, Mariamu upande ule na mwiko, kuhusu kama kitanda kikae dirishani au ukutani. Mimi nilijifanya nasafisha buji.

Vita vilikuwa kaskazini, njia ya Uganda imefungwa, na karibu kila kitu kilipitia Tanzania, hata magari ya mitumba. Pikapu ya Patroni ilishushwa bandarini Dar, ikatengenezwa kulekule usawa wa bahari, halafu ikapandishwa kwetu. Pwani hewa ni nzito, inagandamizana, injini ikivuta pumzi moja inashiba. Huku milimani hewa ni nyepesi. Injini inavuta pumzi ileile lakini ndani yake hamna kitu, huku kabureta ikiendelea kumimina petroli ya pwani. Gari linachoka mlimani, linakohoa moshi mweusi. Sasa, mafundi wetu wa Kigali walikuwa na kosa moja ambalo sijaliona kwingine. Wakiona gari limechoka, walisema lina njaa. Liongezee chakula. Walichukua jikleri, kile kipande kidogo cha shaba chenye kitundu kinachopitisha petroli, wakakipanua kitundu kwa keekee nyembamba kama sindano. Baba mdogo alikuwa bingwa wa jambo hilo, na keekee yake aliihifadhi ndani ya kitambaa mfukoni. Asubuhi injini ikiwa baridi gari liliamka na nguvu kweli, mteja akaondoka anacheka. Hasara ilikuja njiani, baada ya injini kupata moto, na baba mdogo hakuwepo njiani.

Tangi moja lilipaswa kumfikisha Haruna Rusumo na kumrudisha. Lilikuwa linamwishia Rwamagana kila safari wakati wa kurudi, karibu kabisa na nyumbani, anabaki kando ya barabara anatuma watu kwa Patroni aletewe petroli. Na petroli siku hizo ilikuwa adimu, ikiuzwa kwa chupa vichochoroni, kila mtu akijua kwamba chupa ile imetoka kwenye tangi la mtu fulani. Siku moja nilikuwa verandani na kikombe cha chai ya tangawizi, Patroni yuko sebuleni kwenye kiti cha kitambaa, akasema kwa Kiswahili chake: "Sadiki, ile gari iko nakula sana. Ama ni gari iko nakula, ama ni mutu iko nakula." Ndivyo lugha yetu ilivyo, haitofautishi. Gari linakula petroli, maana yake linaichoma. Dereva anakula petroli, maana yake anaiba. Nilisubiri baba mdogo ajibu kwamba ni gari. Alikuwa na sababu zote za kujua kuliko mtu yeyote. Kijiko kiligonga kikombe mara kadhaa. Kisha akasema, "Gari nililitengeneza mimi mwenyewe, Patroni. Gari halina shida." Nilikuwa kijana, nilifikiri hajaelewa swali.

Haruna alimwaga unga wiki ileile. Patroni hakumpeleka polisi, na hilo lilihesabiwa kuwa ni wema wake, likasemwa mtaani kote: hakumpeleka polisi. Pikapu iliachwa uani kwetu wakati Patroni anatafuta dereva mwingine, nami sikungoja ruhusa. Nilifungua buji, zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu. Nilifungua kabureta, nikaitoa jikleri, nikaitazama juani. Kitundu kilikuwa kimepanuliwa, tena hakikuwa hata duara. Nilimpelekea baba mdogo kwenye kiganja. Aliifuta kwa kidole gumba, akanirudishia. "Hewa ni hewa, mwanangu," alisema. "Iko Dar, iko Kigali, Mungu ameiweka kila mahali." Nikamwambia sizungumzii Mungu, nazungumzia tundu. Akaniambia nimerudi kutoka Dar na mdomo. Patroni alikuwa na magari mengine, yote yakitengenezwa kwetu, na hilo tulilijua wote wawili bila kulisema.

Aliyenielewa mara moja ni Mariamu. Nilichuchumaa jikoni nikamwuliza: jiko la makaa likishindwa kuwaka kwa sababu hakuna hewa, ukilijaza makaa litawaka? Akasema, litatoa moshi tu, litakutoa machozi, makaa yataisha na maharage hayataiva. Nikamwambia basi, hiyo ndiyo pikapu ya Haruna. Alipepea makaa. Halafu akauliza, "Na hao wanaume wote pale nje, hakuna aliyewahi kuwasha jiko?" Nilicheka mpaka nikaona hacheki. Nilikwenda nikafunga jikleri yenye tundu dogo niliyoitoa kwenye kabureta iliyokufa, nikapunguza petroli kwa bisibisi huku nimeegesha sikio kwenye injini, kidogo, kidogo tena, mpaka ralanti ikatulia. Niliendesha mpaka juu ya mlima na kurudi. Bomba la moshi ndani lilikuwa la kijivu, buji rangi ya kahawia, dalili za injini inayochoma sawasawa. Nilikwenda dukani kwa Patroni nikamweleza yote. Alinisikiliza anapanga mabunda ya sabuni. "Sawa, sha," alisema, ndivyo huku mkubwa amwitavyo kijana. "Tutaona."

Waliona. Dereva mpya, Silvani, mtu mkimya wa makamo, Mkatoliki mwenye rozari shingoni na watoto wengi, alikwenda Rusumo akarudi, na petroli ilikuwa bado inacheza tangini. Nilitoka mbio kumpasha Haruna habari, roho inanidunda kwa furaha, nikamkuta Biryogo ameketi mlangoni pa chumba kisicho na mapazia. Nilimwambia umesafishwa, gari limesema lenyewe. Yeye, ambaye hakusoma kuliko mimi, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayechezea kisu. "Shemeji, fikiria tena," alisema. Na kweli, kufika jioni habari zilikuwa zimeenea mpaka msikitini: mmeona, tangu yule kijana aondoke, gari halili tena. Gari ni lilelile, barabara ni ileile. Kilichobadilika ni mtu. Kazi yangu nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka ule ndiyo iliyomtia hatiani.

Patroni alikuja mwenyewe kwa baba mdogo, kama mzazi kwa mzazi, alisema, kwa sababu ameambiwa kuna binti anayeposwa na mwizi. Safari hii na mimi niliingia sebuleni na grisi yangu, nikakaa juu ya kitambaa cheupe. Nilisema kilichobadilika si mtu, ni jikleri, na aliyeibadilisha ni mimi. Na kama wanataka kujua nani aliipanua ile ya kwanza, wamwulize mwenye nyumba. Redio ilikuwa ikitangaza habari za kaskazini, baba mdogo akainyamazisha. Akasema hajawahi kugusa kabureta ya gari lile. Patroni akamwambia si lazima aapishwe, yeye akasema ataapa, na akala kiapo palepale, kwa jina la Mwenyezi Mungu, huku keekee iko mfukoni mwake. Sijawahi kumchukia mtu namna ile, na alikuwa amenilea. Ndipo Mariamu akasema kutoka nyuma ya pazia: "Kama ni mtu, basi kaka arudishe ile jikleri ya zamani. Silvani aendeshe. Mkiona tangi limeisha Rwamagana, mtajua." Baba mdogo alitaka kumkemea, lakini Patroni aliinua mkono. Alikuwa mfanyabiashara, alipenda kupima vitu. "Ariko, lakini huyu binti iko na akili," alisema. "Rudisha. Tuone."

Nilipoanza kazi Silvani alikuja akasimama juu yangu, anazungusha rozari kwenye kidole. "Fundi," alisema, "unataka kuniwekea nini mule ndani?" Nilimweleza habari ya hewa, ya pwani na ya milimani. Aliniuliza hewa hiyo nyepesi inaonekana? Nikasema haionekani. "Dereva anaonekana," alisema. Nilimhakikishia kwamba Patroni mwenyewe amekubali, ni jaribio, yeye hana lawama, baba mdogo ni shahidi na mimi ni shahidi. Nilimwambia kuna mtu amepoteza kazi na anakaribia kupoteza mke. Mwishowe alikubali. Mchana Mariamu alileta sinia, nikamsogezea kama ilivyokuwa sheria, akaketi juu ya tairi, tukala maharage sote wawili tunazungumza habari za wanawe. Alisema mkubwa anataka kuwa fundi. Watu walipita mlangoni wakatuona, na sisi tukawaona, tukawakaribisha.

Tangi lilimwishia Rwamagana. Mahali palepale pa Haruna, alituma mtu vilevile, akaletewa petroli vilevile. Nilipopata habari nilikuwa chini ya lori, nikatoka kifudifudi nikiwa na grisi mpaka kwenye meno, nikacheka peke yangu. Sikuwahi kuona hesabu iliyo wazi kama ile. Nilinawa, nikavaa shati safi, nikaingia sebuleni kumngoja Patroni, na Mariamu alikuwa amepika chai kabla ya kuambiwa.

Patroni alikuja, hakuketi. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa kama mtu aliyethibitishiwa alichokuwa anakijua tangu zamani. "Hata huyu," alisema. "Nimemupa gari mwezi haujaisha, ameanza." Nilidhani anatania. Nikamkumbusha: jikleri ya zamani, makubaliano, wewe mwenyewe ulisema tuone. Alinigeukia kwa upole ulioniumiza kuliko kofi. "Fundi, watu walikuona na Silvani siku ile. Mulikula pamoja." Nikasema tulikula maharage. Akasema ndiyo, mlikula pamoja, na dereva na fundi wakila pamoja, tangi haliwezi kubaki na kitu. Nilimtazama baba mdogo. Neno moja lingetosha. Baba mdogo alinyoosha kitambaa cha kiti chake, akavuta pembe zake zikawa sawa. "Madereva wote ni wamoja," alisema Patroni, na baba mdogo akaitikia, "Wote ni wamoja." Waliyasema hayo kwa utulivu, kama watu wanaokubaliana kwamba mvua itanyesha. Nilikuja kuyasikia tena maneno ya namna hiyo, wakisemwa watu wengine, na kila nilipoyasikia niliona sebule ile.

Mariamu alifungua pazia akatoka mbele za wanaume bila kuitwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Walikula pamoja nini, baba?" aliuliza. "Maharage yangu?" Baba mdogo akasema siku hizi mtu akishatajwa ametajwa, na yeye hawezi kumwoza mtoto wa marehemu ndugu yake kwa mtu aliyetajwa. Nguo za posa zilirudishwa kwa Haruna jioni ileile na jirani. Mariamu hakulia mbele yangu. Aliyafumua yale mapazia, mshono mmoja mmoja, akakitunza kitambaa, kwa sababu kilikuwa kitambaa kizuri. Mwaka uliofuata aliozwa kwa mwuza vipuri, na mpaka leo, huko Batsinda anakoishi, ukimwambia gari linakula mafuta anatoka chumbani.

Haruna aliondoka na lori la Watanzania kutoka Gikondo, asubuhi yenye ukungu. Nilimkuta amesimama na begi lake, viatu vimekung'utwa. Nilimweleza yote: Rwamagana, jikleri, Silvani, baba mdogo na kile kitambaa cha kiti. Nilikuwa nasema haraka haraka, nikirudia kwamba hesabu ilitoka sawasawa, kwamba hewa ilifanya vilevile nilivyosema, kana kwamba kulikuwa na mtu pale wa kunipa alama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za Mariamu. Nguo zilizorudishwa zilikuwa ndani ya begi. Aliuliza, "Na Silvani?" Nikamwambia amefukuzwa jana, na jina alilopewa ni lilelile. Dereva wa lori akapiga honi. Haruna alitupa begi juu, akanishika bega.

"Shemeji," alisema, "ulitaka kuwaonyesha kwamba mwizi si mimi. Sasa tumekuwa wawili."